Mashindano ya Raga ya Shule na Vyuo

Mtu asafiriye kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia ya Kigongo sharti avuke Ghuba ya Mwanza, ambayo ni mkono mrefu wa ziwa ulioingia ndani ya nchi kuelekea kusini. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa kivuko, nao walikaa upande wa Kigongo wakingoja zamu yao, pamoja na mikungu ya ndizi na matenga ya dagaa, hata jua likawa juu ya vichwa vyao. Tarehe 19 Juni 2025 daraja kubwa la kutoka Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, urefu wake kilomita 3, na sasa motokaa yavuka kwa dakika chache tu. Miongoni mwa wasafiri waliokuwa wakingoja zamani walikuwamo wanafunzi waliokwenda michezoni, wamepanda lori, wakiimba na kupiga ndoo kama ngoma, na walimu wao wakitazama saa kwa wasiwasi. Maana katika mashindano, timu isiyofika kwa saa iliyowekwa yaweza kuhesabiwa kuwa imeshindwa, hata kama haijaugusa mpira.

Ninyi nyote mwajua michezo ya shule zetu. Ya shule za msingi yaitwa UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari yaitwa UMISSETA. Na mwaka 2018 wanafunzi wa mikoa yote walikusanyika Mwanza kwa ajili ya mashindano ya taifa. Huko watu hucheza mpira wa miguu, netiboli, mpira wa wavu, wa kikapu na wa mikono, tena hukimbia mbio za kila namna. Lakini leo nataka kuwaeleza habari za mchezo mmoja ambao wengi wenu hamjauona kwa macho, ingawa ng'ambo ya ziwa letu, katika Kisumu na Kakamega, watoto wa shule huucheza kwa bidii sana. Mchezo huo ni raga, na wengine huuita ragbi.

Kwanza tuutazame mpira wenyewe. Si mviringo kama chungwa, bali umechongoka pande mbili, kama papai dogo. Ukianguka chini hujui utaruka upande gani, na jambo hili peke yake huwafanya watu kucheka na kulia katika mchezo mmoja. Sababu ya umbo hili ni kwamba zamani mipira ilitengenezwa kwa kibofu cha nguruwe, kikapulizwa pumzi na kuvikwa ngozi, na kibofu hakina umbo la mviringo kamili. Mafundi wa kazi hii walikuwa washona viatu wa mji wa Rugby katika Uingereza, na mmoja wao aliitwa Richard Lindon. Mkewe ndiye aliyevipuliza vibofu vibichi kwa kinywa chake, na yasemwa kwamba aliugua akafa kwa sababu ya vibofu vilivyotoka katika nguruwe wagonjwa. Basi mumewe akatafuta njia nyingine, akaanza kutumia kibofu cha raba, tena akatengeneza bomba la kukijaza upepo.

Jina la mchezo latokana na mji huo, kwa kuwa ulianza katika shule ya wavulana iliyopo pale. Watu hupenda kusimulia kwamba mwaka 1823 mwanafunzi mmoja, William Webb Ellis, alipokuwa akicheza mpira wa miguu, aliudaka mpira akakimbia nao mikononi, na hapo raga ikazaliwa. Hadithi hii yapendeza, walakini ushahidi wake ni haba. Aliyeitangaza katika gazeti, mwaka 1876, hakuwapo siku ile. Naye Ellis mwenyewe alikwisha kufa mwaka 1872 huko Menton katika Ufaransa, wala hakuulizwa. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1845 wanafunzi wa shule ile, si walimu wao, waliziandika sheria za mchezo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1871 vilabu vya Uingereza vikafanya umoja wao, na mwaka huo huo, tarehe 27 Machi, Uskoti na Uingereza wakashindana katika mji wa Edinburgh, kila upande watu 20. Waskoti ndio walioshinda.

Siku hizi kila upande una wachezaji 15, nao hucheza dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40. Kiwanja chaweza kuwa na urefu wa mita 100 na upana wa mita 70, na kila mwisho husimama nguzo mbili ndefu zenye mti mmoja katikati, mfano wa herufi H. Mchezaji aweza kuushika mpira, kukimbia nao, au kuupiga teke. Lakini kuna sheria moja ambayo mgeni hushangazwa nayo: kwa mikono, mpira hautupwi mbele kamwe. Sharti umpe mwenzako aliye sawa nawe au aliye nyuma yako. Basi timu yasonga mbele kwa kurudisha mpira nyuma, na kila mwenye mpira huwategemea wenzake asiowaona, wanaomfuata mgongoni na kumwita. Ukimponyoka mtu mikononi ukaanguka mbele yake, hilo ni kosa.

Adui aweza kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, ila amshike chini ya mabega; kumshika shingo ni kosa kubwa, na kumwinua juu na kumwangusha kwa kichwa ni kosa kubwa zaidi. Asiye na mpira haruhusiwi kukamatwa hata kidogo. Aliyeangushwa sharti auachie mpira mara moja, naye aliyemwangusha sharti amwachie na kuondoka njiani.

Kosa dogo likitendeka, mchezo huanzishwa upya kwa skramu. Watu 8 wa upande huu na 8 wa upande ule hufungana mikono mabegani, huinama safu kwa safu, na vichwa vya safu ya mbele huingiliana na vya wenzao. Kisha mpira huingizwa katikati, nao husukumana ili kuupata kwa miguu. Ninyi mkaao kando ya ziwa mmewaona wavuvi wakiushusha mtumbwi mzito kutoka mchangani. Kila mtu akisukuma kwa wakati wake mwenyewe, mtumbwi hausogei hata shubiri moja. Lakini mmoja akiimba na wote wakaitikia na kusukuma kwa pamoja, waenda majini kama kitu chepesi. Skramu ni hivyo hivyo, ila tu ng'ambo ya mtumbwi wapo wavuvi wengine wanaousukuma kuja kwenu. Kwa vijana walio chini ya miaka 19 sheria imepunguza nguvu hizo: skramu haiwezi kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu, kwa ajili ya kuzilinda shingo zao.

Mtu akifika nyuma ya mstari wa mwisho wa adui akauweka mpira chini kwa mkono, amepata trai, na timu yake yapewa pointi 5. Neno hili maana yake ni kujaribu, na asili yake ni hii. Hapo zamani kuuweka mpira chini hakukuwa na pointi yo yote. Kulimpa mtu ruhusa ya kujaribu tu kuupiga mpira upite kati ya nguzo, na pointi zilihesabiwa kwa teke hilo peke yake. Leo mambo yamegeuka: trai ni 5, na teke lifuatalo ni 2 tu. Adui akifanya kosa kubwa, timu yaweza kupiga teke la penalti kupita juu ya mti wa katikati, nayo ni pointi 3.

Sasa tuje kwa habari ya mashindano. Katika Afrika ya Mashariki mchezo huu ulifika pamoja na Wazungu, na mechi ya kwanza iliyoandikwa katika Kenya ilichezwa mwaka 1909 kati ya maofisa wa serikali na walowezi. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa Wazungu peke yao. Shule zilizokuwa na viwanja vyake, kama Prince of Wales na Duke of York za Nairobi, zilikuwa za watoto wa Kizungu, na Mwafrika aliyeingia uwanjani mle aliingia ili kukata majani. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, milango ya shule hizo ilikuwa imeanza kufunguliwa. Ya kwanza sasa yaitwa Nairobi School, na ya pili Lenana. Vijana wa Kiafrika walioingia mle waliukuta mpira ule wa papai, wakaupenda, nao walipohitimu wakaupeleka katika shule nyingine ambako walikwenda kufundisha. Chama cha raga cha Kenya kilianzishwa mwaka 1970. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaunda timu yao, Mean Machine, nayo mwaka 1977 ilitwaa Kombe la Kenya mbele ya vilabu vya watu wazima. Tangu hapo vyuo vingine vikafuata: Kenyatta, Strathmore, Egerton, na Masinde Muliro kilichopo Kakamega. Timu za vyuo hivi hazichezi kati yao tu, bali huingia katika ligi pamoja na vilabu vya mijini, jambo ambalo huwafundisha haraka, wakati mwingine kwa maumivu.

Shule za sekondari za Kenya zina mashindano yao ya taifa kila mwaka, ya watu 15 katika muhula wa kwanza, na ya watu 7 katika muhula wa pili. Shule hushindana kwanza na jirani zake, kisha katika kaunti, ambazo ni 47, kisha katika kanda, ambazo ni 8, na washindi wa kanda ndio wakutanao kwa ubingwa wa taifa. Walio bora huendelea tena kwenye michezo ya shule za Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 2022 ilifanyika Arusha, na mwaka 2025 Kakamega.

Hapa chukueni kalamu, tufanye hesabu kidogo. Tuseme timu ni 8, nazo zimegawanywa katika makundi 2 ya timu 4. Katika kundi kila timu hucheza na wenzake 3, basi michezo ya kundi moja ni 6, na ya makundi mawili ni 12. Timu 2 za juu za kila kundi huingia nusu fainali, kisha fainali. Je, ingalikuwaje kama wasingefanya makundi, bali kila anayeshindwa aondoke mara moja? Watoto wengi huanza kuchora mistari na kuhesabu raundi kwa raundi. Lakini iko njia fupi: kila mchezo huondoa timu moja, na mwisho hubaki moja tu. Basi timu 8 zahitaji michezo 7, timu 16 zahitaji 15, na timu 47 zahitaji 46. Njia hii ni rahisi kwa fedha na chakula, lakini ni ngumu kwa mtoto aliyesafiri siku nzima, akacheza mara moja, akapanda gari jioni ile ile kurudi kwao. Kwa hiyo wenye mashindano hupenda makundi, ili kila mmoja acheze walau mara tatu.

Kuna ugonjwa mmoja ambao huyaharibu mashindano ya shule pande zote za ziwa, nao ni mamluki. Hao ni wachezaji ambao si wanafunzi wa shule ile, au ambao umri wao umekwisha kupita, walioletwa ili kombe lipatikane. Niliwahi kuona jambo hili katika mashindano ya mpira wa miguu ya wilaya moja ambayo sitaitaja. Mlinzi wa timu moja alikuwa kijana mwenye sauti nzito na mashavu yaliyonyolewa asubuhi ile. Katika orodha alikuwa na jina la mtoto wa darasa la sita. Mtoto mwenyewe alikuwapo. Hakubaki nyumbani, bali alikuja kwa miguu na kusimama kando ya mstari pamoja nasi. Mwamuzi alipomwonya yule kijana na kuliita jina lile, mtoto aliitika, "Naam!" kwa mazoea, maana lilikuwa lake. Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Alikuwa amefanya mazoezi muhula mzima, na jina lake lilikuwa likicheza bila yeye.

Katika raga udanganyifu wa namna hii si aibu tu, bali ni hatari. Mtu mzima wa kilo 90 akimwangusha mtoto wa kilo 50, hapana sheria iwezayo kumlinda mtoto yule. Ndiyo sababu walimu huitwa kabla ya mashindano kuleta hati za kuzaliwa, picha na namba za mtihani za wachezaji wote, nao hukaguliwa mmoja mmoja. Shule iliyopatikana na mamluki huondolewa, na ushindi wake hufutwa. Wengine hulalamika kwamba ukaguzi huu huchosha na kuchelewesha michezo. Kwa maoni yangu ni heri mchezo uchelewe.

Nimetaja raga ya watu 7. Hiyo ilianzia katika mji mdogo wa Melrose, Uskoti, mwaka 1883. Klabu ya pale ilikuwa na upungufu wa fedha, na mchinja nyama mmoja, Ned Haig, akatoa shauri la kufanya mashindano ya siku moja. Lakini timu nyingi za watu 15 haziwezi kumaliza mashindano katika alasiri moja, basi wakapunguza watu na dakika. Kiwanja ni kile kile kikubwa, lakini watu wa kila upande ni 7, na kila kipindi ni dakika 7. Msidhani kwamba ni mchezo mwepesi. Nafasi ni kubwa mno, hapana mahali pa kujificha, na timu ifikayo fainali yaweza kucheza michezo 6 kwa siku mbili. Dakika 14 mara 6 ni dakika 84, yaani zaidi ya mchezo mzima wa watu 15, tena zote za kukimbia.

Katika raga hii Kenya ilipata jina ulimwenguni. Mwaka 2009 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la watu 7 huko Dubai. Mwalimu wao alikuwa Benjamin Ayimba, aliyekuwa zamani nahodha wa Kenya. Miaka saba baadaye, akiwa mwalimu wao tena, aliwapeleka Singapore. Katika robo fainali waliwashinda Wafaransa 28 kwa 7. Katika nusu fainali waliponea chupuchupu mbele ya Argentina, 15 kwa 12. Na tarehe 17 Aprili 2016 wakakutana na Fiji katika fainali. Fiji ni visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki, lakini katika mchezo huu wao ndio wafalme, na miezi minne baadaye walitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio. Siku ile ya Aprili Kenya waliwashinda 30 kwa 7. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, na Collins Injera alipata trai mbili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kushinda duru ya mashindano hayo ya dunia. Mwaka huo huo Injera alifikia kuwa mtu mwenye trai nyingi kuliko wote waliowahi kucheza katika mashindano yale, mpaka Mwingereza Dan Norton alipompita baadaye. Wasichana wa Kenya nao walikwenda Rio, kwa maana mchezo huu wa watu 7 huchezwa na wanawake kwa sheria zile zile.

Ayimba alikufa tarehe 21 Mei 2021. Hakuumia uwanjani, aliuawa na malaria iliyompanda kichwani. Sisi wa kando ya ziwa twaijua malaria kama tujuavyo jirani mbaya, na labda kwa sababu hiyo wengi huichukulia kuwa homa ya kawaida tu. Mtu aliyekuwa na mwili wa chuma, aliyecheza mbele ya watu maelfu, aliangushwa na mdudu.

Katika Marekani mashindano ya vyuo ni makubwa sana. Ubingwa wa taifa wa vyuo kwa raga ya watu 15 ulianza mwaka 1980, na Chuo Kikuu cha California kikawa cha kwanza kuutwaa. Mwaka 2010 yalianzishwa mashindano mengine ya watu 7 katika mji wa Columbus, na Utah wakashinda. Mwaka uliofuata yalihamishiwa karibu na Philadelphia, Dartmouth wakashinda mara mbili, kisha California mara tano mfululizo, toka 2013 hadi 2017. Vijana wengi waliocheza humo hawakuwa wameugusa mpira wa raga kabla ya kuingia chuoni, kwa kuwa shuleni walicheza mpira wa Kimarekani, ambao mchezaji huvaa kofia ngumu na kinga mabegani. Waliovua kofia hiyo sharti wajifunze upya namna ya kuangusha mtu, wakiweka kichwa pembeni na si mbele.

Habari ya kichwa yanipasa niieleze kwa kirefu kidogo, maana ni jambo la uhai. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Mtu akipigwa kwa nguvu, ubongo hutikisika, hata kama ngozi haikuchubuka wala damu haikutoka. Dalili zake ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, kuona vitu viwili viwili, au kusahau jambo lililotokea sasa hivi. Mara nyingi mtu hupona akipumzika. Lakini akirudi mchezoni na kupigwa tena kabla hajapona, ubongo waweza kuvimba ghafula. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 katika Ireland ya Kaskazini alipata mapigo kadha wa kadha katika mchezo mmoja wa shule. Aliendelea kucheza, akaanguka karibu na mwisho wa mchezo, akafa. Wazazi wake walisimama wakadai kwamba shule zote zifundishwe dalili hizi. Siku hizi amri iko wazi: mtoto anayeshukiwa kuumia kichwa hutolewa uwanjani papo hapo, wala harudi siku ile, ajapolia na kusema kwamba yu mzima, na hata kama ni fainali na wabadala wamekwisha. Baadaye hurudi kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Mwalimu anayemrudisha mtoto kama huyo kwa ajili ya kombe hajui kazi yake.

Katika haya yote mwenye neno la mwisho ni mwamuzi. Hapa Usukumani tuna mashindano ya namna nyingine kabisa, ambayo hayana mwamuzi. Mwawajua Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na mafundi wawili wa kale, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na dawa. Siku ya mashindano, kama vile wakati wa Bulabo huko Bujora, makundi mawili hucheza kwa saa moja, kila moja mahali pake, na watazamaji huenda wapendapo. Wengine huleta chatu, wengine hubuni vioja vingine, ili kuwavuta watu. Na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Hapana pointi wala filimbi. Mkutano wote ni mwamuzi, na kila mtu hupiga kura kwa miguu yake.

Raga ni kinyume cha hayo. Watu maelfu wakipiga kelele kwamba trai ni halali, na mwamuzi mmoja akisema sivyo, basi sivyo. Mchezaji wa kawaida habishani naye. Nahodha peke yake ndiye aliye na ruhusa ya kumwuliza, tena kwa adabu. Timu ikibisha, mwamuzi aweza kuirudisha nyuma mita 10. Mtu akipewa kadi ya njano hukaa nje dakika 10, au dakika 2 katika mchezo wa watu 7, na wenzake hucheza pungufu. Filimbi ya mwisho ikilia, washindi hupanga mistari miwili na kuwapigia makofi walioshindwa wapitapo katikati, kisha walioshindwa nao huwafanyia wao vivyo hivyo. Nimeona vijana wakipita katika mistari ile huku machozi yakiwatoka, lakini walipita.

Katika Tanzania raga imechezwa zaidi Arusha na Dar es Salaam kuliko huku kwetu. Kama shule yenu yataka kuanza, msianze kwa kuangushana. Kateni vipande vya kitambaa, urefu wa mkono mmoja, kila mchezaji achomeke viwili kiunoni, kimoja kila upande, vikining'inia. Adui asimguse mtu mwili. Akitaka kumsimamisha mwenye mpira, achomoe kitambaa kimoja na kukiinua juu. Hapo mwenye mpira sharti asimame na kumpa mwenzake aliye nyuma yake, kisha arudishiwe kitambaa chake na mchezo uendelee. Wavulana na wasichana waweza kucheza hivi pamoja. Mpira wa papai usipopatikana, fungeni matambara kwa kamba mpaka yafanane nao. Tafuteni mahali penye majani laini, mwokote mawe na miiba kwanza, wala msipime uwanja karibu mno na maji, kwa maana mpira ule ukianguka huruka upande usioutazamia.